Mbwa Mzee na Baridi Yabisi

Mbwa wa lindo katika nyumba za Raskazone, mjini Tanga, hulala kivulini mchana na kuanza kazi jua linapotua. Akishatimiza miaka 8 hivi, huenda akachelewa kuinuka, akasita mbele ya ngazi, akachechemea hatua za mwanzo kisha akatembea vyema kidogo. Mwenye nyumba husema mbwa amekuwa mvivu. Mara nyingi mnyama huyo anaumwa, kwani ni nadra mbwa kulia kwa maumivu ya muda mrefu.

Maradhi hayo ni baridi yabisi, jina linaloweza kumpotosha mwanafunzi wa pwani, ambako baridi ni haba. Chanzo chake si baridi. Ncha za mifupa inayokutana kiungoni hufunikwa na gegedu, lililo nyororo na lenye utelezi. Likilika, kiungo huvimba na mfupa mpya huota pembezoni. Gegedu halina mishipa ya damu. Kwa hiyo hujitengeneza kwa shida sana, na hakuna dawa ya kulirudisha lilivyokuwa.

Lakini mzigo wa kiungo waweza kupunguzwa. Huko Marekani, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2002, mbwa 48 wa aina ya Labrador walifuatwa tangu utotoni hadi kufa. Waliopewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko ndugu zao waliishi karibu miaka miwili zaidi, na baridi yabisi iliwachelewa. Matembezi mafupi ya kila siku husaidia pia, hasa juu ya mchanga mgumu maji yakupwapo. Na magunia ya katani yaliyokunjwa ni malazi bora kuliko saruji tupu.

Hatari kubwa imo katika kabati la dawa za nyumbani. Ibuprofeni na diklofenaki, zinazomtuliza binadamu, huweza kumtoboa mbwa tumbo na kuua figo zake. Daktari wa mifugo anazo dawa zinazomfaa, kama vile meloksikamu, naye hupima kiasi kwa uzito wa mnyama.

Tena si kila kuchechemea ni uzee. Kupe wa mbwa hueneza vijidudu viletavyo homa, ufizi mweupe na uvimbe wa viungo kadhaa kwa pamoja, hata kwa mbwa kijana. Na mbwa aliyelegea miguu ya nyuma ghafla, akatokwa na mate na kubadilika tabia, asishikwe kabisa: huenda ni kichaa cha mbwa, na ofisi ya mifugo yapasa kuarifiwa siku hiyo hiyo.