Nunua kwa Hesabu, Uza kwa Subira

Na Mwandishi Wetu

Mfanyakazi wa mjini aliyejinyima hadi akapata kiwanja au nyumba huulizwa na jamaa zake maswali mawili: ulinunua lini, na utauza lini? Maswali hayo ni ya haki, kwani kwa familia nyingi nyumba ndiyo akiba kubwa kuliko zote. Hata hivyo, majibu yake hayapatikani katika uvumi wa barazani.

UVUMI NA MIAKA

Historia ya Dodoma yatosha kuwa somo. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya Tanzania yahamie huko kutoka Dar es Salaam. Aliyetumaini kwamba ardhi ya huko ingempa faida ya haraka alikuwa na safari ndefu, kwani Serikali ilianza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016, yaani miaka 43 baadaye. Aidha, mamlaka iliyostawisha mji huo, ambayo ilivunjwa mwaka 2017, ilikuwa ikitoa viwanja kwa mikataba ya miaka 33. Mkataba wa namna hiyo ulioanza mwaka 1980 ulifikia ukomo mwaka 2013, kabla neema yenyewe haijabisha hodi.

Funzo ni dhahiri. Hapana budi kununua mahali ambapo familia inaweza kuishi, au kupata mpangaji, hata kama barabara inayosemwa haitajengwa. Na kwa kuwa ardhi ya Tanzania ni mali ya umma, na hati ya kuimiliki huwa na muda usiozidi miaka 99, mnunuzi asiulize tu hati ilitolewa kwa miaka mingapi. Aulize imebaki mingapi.

FAIDA YA MACHO

Wako wanaonunua leo wakitaka kuuza mwakani. Tuwafanyie hesabu. Tuseme kiwanja kimenunuliwa kwa shilingi milioni 10, na gharama za wakili na kuhamisha hati zikawa shilingi 400,000. Baada ya mwaka mmoja anapatikana mteja wa milioni 11. Dalali anadai 500,000. Ile faida ya milioni moja imebaki 100,000, na bado kodi haijalipwa, wala hatujataja kupanda kwa bei ya unga na sukari katika mwaka huo. Gharama zile zile zikigawanywa katika miaka 10 ya kuishi hapo, hazimwumizi mtu sana.

Sheria nayo imewafikiria wakaaji. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, ilipotungwa, iliweka nafuu kwa mtu anayeuza nyumba yake mwenyewe aliyoimiliki kwa miaka mitatu au zaidi na kuishi humo kwa jumla ya miaka isiyopungua mitatu, mradi faida isipite kiwango kilichowekwa. Ni vema kuuliza ofisi ya kodi juu ya masharti ya sasa kabla ya kupatana bei.

SAA YA KUUZA

Saa mbaya kuliko zote ni saa ya dhiki. Karo inapodaiwa, au mgonjwa anapokuwa kitandani, mnunuzi huinusa shida ya mwenye nyumba na kushusha bei apendavyo. Kwa sababu hiyo, familia yenye nyumba yahitaji pia akiba ndogo ya fedha taslimu, ili tofali lisiuzwe kwa ajili ya dawa.

Saa njema ni pale nyumba inapokuwa haiwafai tena wenyewe: watoto wamekwenda kujitegemea, au mstaafu anarudi kwao. Hata hapo, uamuzi si wa mtu mmoja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujampigia dalali simu, kaeni nyumbani mkiwa na hati, kalamu na karatasi. Nyumba haiozi kama nyanya; yaweza kungoja mpaka mwelewane.