Somo la Nane: Uwongo Mmoja Watosha

Leo tutazungumza habari za hadithi za ajabu, yaani zile zisimuliazo mambo yasiyopata kutokea.

Msimulizi akisema "Paukwa!" nasi tukaitika "Pakawa!", tumekwisha patana naye: yeye atasema uwongo, nasi tutausikiliza. Lakini patano hilo lina mpaka. Akisema sungura alinena, twakubali. Akisema sungura alinena, kisha akaruka angani, kisha akameza bahari, kisha akafa akafufuka, tunaanza kupiga miayo. Kwa nini? Kwa sababu awezaye kila jambo hapatwi na hatari, na pasipo hatari hatuna la kungojea.

Tutazame mfano mmoja. Tangu zamani watu wamependa hadithi ya mtu asiyeonekana. Plato, Myunani mwenye hekima, aliandika yapata miaka 2,400 iliyopita habari za mchungaji wa nchi ya Lydia aliyepata pete. Akigeuza kito cha pete kuelekea kiganjani, haonekani, akikirudisha, aonekana. Kwa msaada wa pete hiyo alimwua mfalme akatwaa ufalme. Plato hakumtoza mchungaji gharama yoyote, maana alitaka kuuliza jambo moja tu: je, mtu atatenda haki ikiwa hapana amwonaye? Kwa swali hilo pete yatosha.

Mwaka 1897 Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu juu ya jambo lilo hilo, lakini aliondoa pete akaweka sayansi. Mtu wake, Griffin, ni mtaalamu aliyegundua njia ya kuufanya mwili upitishe mwanga usionekane. Hapo ndipo penye uwongo, na ni mmoja tu. Mengine yote Wells aliyaacha kama tuyajuavyo.

Sasa fikiri, msomaji. Mwili wa Griffin hauonekani, lakini nguo zake zaonekana. Basi akitaka kujificha lazima atembee uchi, tena katika London, mwezi wa Januari, wakati wa baridi kali. Akila, chakula chaonekana tumboni mpaka kisagike. Akikanyaga matope, nyayo zake zabaki njiani na watoto wazifuata. Mbwa wamnusa. Hata kushuka ngazi ni taabu, maana haioni miguu yake mwenyewe! Akitaka kukaa kati ya watu, yambidi ajifunge vitambaa kichwa kizima, avae miwani myeusi na glavu. Nao watu wamkodolea macho kuliko mtu mwingine yeyote. Alitaka kuwa bwana wa wote, naye hana hata mahali pa kulala.

Mimi naona hapo ndipo penye utamu wote wa kitabu. Wells hakubuni mwujiza mpya kila ukurasa. Alikaa akajiuliza, "Kisha itakuwaje?" Baridi, njaa na matope ndivyo vitufanyavyo tusadiki. Tena ndivyo vinavyomsukuma Griffin aibe, kisha apige watu, kisha aue, hata mwisho watu wakamzingira wakampiga akafa, na maiti yake ikaanza kuonekana polepole.

Huku kwetu, Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951. Humo nchi nzima yaelea hewani. Huo ndio uwongo wake. Lakini baraza la mfalme, waziri mshitaki, Karama aliyeshitakiwa, na wajumbe waliotupwa gerezani kwa kuleta mawazo mapya, hao wote twawajua. Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza wakati huo, na wasomaji wengi wameona kwamba nchi ile haikuelea mbali sana na ardhi.

Sasa kazi yenu. Chukueni daftari. Mwanamke amepata kanga; akijitanda haonekani. Usianze kuandika atakalofanya nayo. Andika kwanza mambo matatu ambayo kanga hiyo haiwezi. Je, ikilowa mvua? Je, ikipata tundu? Na mtoto wake akiamka usiku akimwita, naye amesimama karibu na kitanda, haonekani, je, aivue?