Mwindaji wa Mamba Aliyeuawa na Taa

Mvuvi wa pwani yetu anamjua taa. Hujilaza mchangani, hana ugomvi na mtu. Lakini akikanyagwa au akitishika, mwiba wake wa mkiani hauchagui. Mwiba kama huo ndio uliomchoma kifuani Steve Irwin wa Australia, tarehe 4 Septemba 2006, alipokuwa akipigwa picha za sinema baharini, huko Queensland. Alikuwa na umri wa miaka 44.

Ulimwengu ulimwita Mwindaji wa Mamba, ingawa hakuwinda ili aue. Tangu utotoni, baba yake alimfundisha kumkamata mamba akiwa hai na kumhamishia palipo salama. Alipomwoa Terri mwaka 1992, fungate yao waliila mtoni, wakitega mamba! Walijaliwa watoto wawili, Bindi na Robert.

Alipofariki, serikali ilikuwa tayari kumzika kwa heshima za taifa. Baba mtu akakataa, akasema mwanawe alikuwa mtu wa kawaida. Akazikwa Beerwah, katika bustani ya wanyama ya jamaa zake. Katika hafla ya kumkumbuka, Bindi, mtoto wa miaka 8, alisimama mbele ya maelfu akamsifu baba yake.

Siku zile zile, taa kadhaa walikutwa ufuoni Queensland wamekufa, mikia imekatwa. Watu wakashuku kisasi. Kisasi gani hicho? Amuuaye kiumbe aliyependwa na marehemu amemzika marehemu mara ya pili. Mjane na wanawe wameendelea kuwalea wanyama katika bustani ile ile. Huko ndiko kumlilia mpenzi.