Mafundi wa Malindi na ripoti wasiyoisoma

Ipo dhana iliyoota mizizi katika vichwa vya wasomi wetu kwamba Kiswahili kinafaa kwa mashairi, hotuba na khutba, lakini kikifika mlangoni pa karakana hakina budi kuvua viatu na kungoja nje. Nimeisikia dhana hiyo kwa wahandisi, nimeisikia kwa wanasiasa, na la kusikitisha zaidi, nimeisikia kwa walimu wenzangu wa lugha. Leo nataka kuipima kwa jambo linaloonekana kuwa mbali kabisa na isimu, nalo ni utengenezaji wa vifaa kwa kuidunga plastiki iliyoyeyuka ndani ya kalibu, pamoja na hesabu za kompyuta zinazotangulia kazi hiyo.

Kwa nini Malindi na Kilifi? Kwa sababu plastiki imetujia hata kabla hatujaiita. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na kuanzia tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zikakatazwa katika maeneo yaliyohifadhiwa, zikiwemo hifadhi za bahari za Malindi na Watamu. Hata hivyo bahari haisomi gazeti rasmi la serikali. Kila maji yakitoka huacha ufuoni vifuniko vya chupa, ndara zilizokatika na vipande vya madumu. Kule Watamu, EcoWorld wamekuwa wakizikusanya taka hizo na kuzisaga. Kule Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda Flipflopi, jahazi la plastiki iliyotumika lililoshushwa majini mwaka 2018 na kusafiri hadi Zanzibar mwaka 2019. Tangu hapo vijana wengi wa mwambao huu wamekuwa wakijiuliza swali moja la haki: tukishasaga, tufanye nini? Plastiki iliyosagwa huuzwa kwa bei ya kutupa, ilhali faida imo katika kitu kilichokamilika.

Kazi yenyewe ni nyepesi kueleza. Chembe za plastiki humiminwa katika pipa refu lenye joto. Ndani yake skrubu kubwa huzunguka, huzikanda na kuziyeyusha, kisha husukumwa mbele mithili ya kijiti cha bomba la sindano na kuidunga plastiki kwenye kalibu ya chuma. Kalibu hupozwa kwa maji, hufunguka, na kitu hutoka kikiwa kamili. Mashine ndogo za kusukumwa kwa wenzo wa mkono pia zipo. Mholanzi Dave Hakkens alianza mwaka 2013 kuitoa bure michoro ya mashine za namna hiyo chini ya jina la Precious Plastic.

Mpenzi msomaji, huenda ukadhani kwamba mambo haya hayana nasaba na sisi. Kumbe yanayo. Mmarekani John Wesley Hyatt, ambaye pamoja na nduguye Isaiah alipata hataza ya mashine ya kwanza ya namna hii mwaka 1872, alianza safari yake akitafuta kitu cha kutengenezea mipira ya biliadi badala ya pembe za ndovu. Na sehemu kubwa ya pembe zilizokwenda Marekani zama hizo zilitoka bara letu la Afrika Mashariki na kupitia Zanzibar, zikibebwa mabegani mwa wapagazi. Kwa hiyo ndovu wetu wamo katika ukoo wa plastiki, wapende wasipende.

Ugumu wote umo katika kalibu. Kalibu huchongwa kwa chuma, na chuma kikishachongwa vibaya hakirudishiki ila kwa gharama. Plastiki nayo ina tabia zake. Ikipoa hunywea, polithini ngumu, ile ya vifuniko vingi vya chupa, yaweza kunywea asilimia 2 au hata 3, hivyo kalibu sharti iwe kubwa kuliko kitu kinachotakiwa. Upande mmoja ukipoa kabla ya mwingine, kitu hupinda. Unene ukizidishwa maradufu, muda wa kupoa huwa takriban mara nne. Yote haya fundi wa zamani aliyajua kwa kuharibu kalibu kadhaa na kuzirekebisha.

Mwaka 1978, huko Melbourne, Australia, mhandisi Colin Austin alianzisha Moldflow, programu ya kuikadiria safari ya plastiki kabla chuma hakijaguswa. Kampuni yake baadaye, mwaka 2008, ilinunuliwa na Autodesk. Programu za aina hiyo huligawa umbo katika vipande vidogo maelfu kwa maelfu, kama macho ya jarife, kisha kwa kila jicho hukokotoa joto, shinikizo na kasi ya plastiki kila nukta ya muda. Matokeo huonyeshwa kwa rangi: hapa patachelewa kujaa, hapa hewa itanaswa, hapa mikondo miwili itakutana ikiwa imeanza kupoa na kuacha mshono dhaifu.

Mshono huo ndio ulionileta katika mjadala huu. Kikundi kimoja cha vijana wa Malindi kilichanga fedha na kuagiza kalibu ya kulabu ndogo za kutundikia vyandarua, zenye tundu la msumari juu. Mchongaji, ambaye si mtu wa huku, aliwaletea kalibu pamoja na ripoti ya kompyuta ya kurasa kumi na nne kwa Kiingereza. Kulabu za kwanza zilitoka za kupendeza, zikauzwa, na baada ya majuma machache zikaanza kurudi zikiwa zimekatika zote mahali pamoja, juu kabisa ya tundu. Waliponipa ile ripoti niwasomee, nilikuta ukurasa wa tisa ukisema waziwazi kwamba plastiki, kwa kuwa inaingia kutoka ncha ya chini, itagawanyika ikizunguka tundu na mikondo yake itakutana pale juu, mahali penyewe panapobeba uzito. Ushauri ulikuwemo pia: hamisheni tundu la kuingilia plastiki lipelekwe juu, ili mshono uangukie chini ya tundu la msumari, kwenye shina nene.

Vijana wale si wajinga. Mmoja wao huitengeneza mashine ya boti akiwa amefumba macho. Nilipowaeleza kwa Kiswahili, maelezo hayakuchukua hata muda wa kumaliza kikombe cha kahawa, na maswali waliyoniuliza yalinishinda mara moja. Wamelipia ushauri wa kihandisi, wakaupata, wakauweka rafuni. Hasara yao haikutokana na ukosefu wa kompyuta.

Sasa turudi kwa wale wanaosema Kiswahili hakina maneno. Kalibu ni neno la kale kwetu, lenye asili ya Kiarabu, nalo limetumiwa na masonara na wahunzi miaka na miaka. Tunalo kusubu, yaani kumimina madini katika kalibu. Tunalo kunywea, tunalo kupinda, tunao mshono na mbonyeo. Istilahi ngeni kama polithini zimekwisha kuvaa kanzu. TUKI ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi, si ya taifa tu. Hata anga imekwisha kutusikia: setilaiti ya Wamarekani iliyorushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, hapo Ngomeni karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, iliitwa Uhuru. Hesabu kubwa zilifanywa ufuoni petu, nasi tukabakishiwa jina.

Sitaki, hata hivyo, nionekane kuisujudia kompyuta. Programu hizi hutegemea takwimu za plastiki safi itokayo kiwandani. Kifuniko kilichopigwa na jua la Mambrui miaka mitatu kimekatikakatika minyororo yake ya molekuli, na kikichanganywa na vingine vya namna tofauti, mtiririko wake hauko kwenye orodha yoyote. Mhandisi mwaminifu huandika tahadhari hiyo. Lakini tahadhari nayo, ikiandikwa kwa lugha asiyoisoma mwenye mashine, ni sawa na kutoandikwa.

Ninalopendekeza si jambo kubwa. Kila ripoti ya namna hii inayouzwa kwa vikundi vya pwani iwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaotaja mshono uko wapi, kitu kitanywea kiasi gani na nini kibadilishwe kabla chuma hakijachongwa. Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopata hati yake mwaka 2013, kiko Kilifi penyewe. Walimu wake wa Kiswahili na wa sayansi wanaweza kuketi meza moja na mafundi wakaafikiana juu ya istilahi hamsini za kuanzia.

Na waanze kwa kuwasikiliza mafundi. Lile tundu la kuingilia plastiki mimi nilikuwa nimeliandalia neno lango. Vijana wa Malindi wanaliita mdomo, na kwa kuwa kinachopita hapo ni chakula cha kalibu, nadhani neno lao ni zuri kuliko langu.