WAINGEREZA NA MANENO YA WAMAREKANI



Wengi wenu mmetuuliza kwa nini kompyuta huweka mstari mwekundu chini ya neno "colour" ilhali mwalimu shuleni ameliandika vivyo hivyo ubaoni. Sababu ni kuwa kompyuta hiyo imepangwa kwa Kiingereza cha Marekani. Mmarekani Noah Webster alitoa kamusi yake kubwa mwaka 1828, na humo akaandika "color", kwani alitaka taifa lake, lililokwisha jitoa katika utawala wa Uingereza, liwe na maandishi yake. Basi chagueni namna moja, wala msichanganye zote mbili katika insha moja.

La ajabu ni kwamba baadaye mwana alianza kumfundisha mzazi kusema, na alianza kwa sinema. Filamu za Hollywood zilijaa Uingereza hata Bunge la London likapitisha sheria mwaka 1927 kulazimisha kumbi zionyeshe kiasi maalumu cha filamu za nyumbani. Matokeo yake? Zikatengenezwa filamu nyingi za harakaharaka, za bei nafuu, ili kutimiza sheria tu. Watu waliendelea kupenda za Marekani, na vijana wakaiga maneno yake.

Kisha, kuanzia mwaka 1942, wakaja askari. Kufikia katikati ya mwaka 1944 Wamarekani waliokuwa Uingereza walizidi milioni moja na nusu. Walileta chingamu, soksi za nailoni na muziki wa kwao. Walileta pia ubaguzi, kwani jeshi lao liliwatenga weusi na weupe. Hapo ndipo tunapopenda kusimama kidogo. Katika kijiji cha Bamber Bridge wenyeji waliwatetea askari weusi mbele ya polisi wa jeshi la Marekani. Usiku huo wa Juni 1943 zilipigwa risasi, na askari mweusi William Crossland akauawa. (Si kwamba Waingereza hawakuwa na ubaguzi wao, sisi tuliotawaliwa nao tunajua.) Lakini wanakijiji wale walipokea muziki, wakaukataa ubaguzi.

Jambo jingine ni kuwa si kila kinachoitwa cha Kimarekani ni kigeni. Neno "fall", kwa maana ya majira ya majani kupukutika, lilikuwa la Waingereza wenyewe. Wahamiaji walivuka nalo bahari katika karne ya 17, nyumbani likaachwa. Leo Mwingereza akilisikia hulalamika kuwa Wamarekani wanamharibia lugha.