Mwambie Mwenzako Usichokula

Bila shaka umewahi kufika Karatu siku ya mnada, au umesikia habari zake. Watu hutoka pande zote. Wairaqw wa Rhotia na Mbulumbulu huleta mahindi na maharage. Wafanya biashara wa Mang'ola huleta vitunguu. Wamasai hushuka kutoka Ngorongoro na mbuzi wao, wapate fedha za kununua unga. Maana ndani ya hifadhi ile, iliyowekwa mwaka 1959, kulima kulikatazwa mwaka 1975, kukaruhusiwa mwaka 1992, kukakatazwa tena mwaka 2009. Basi huyu ana unga, yule ana mbuzi, na hivyo watu hujuana. Wakisha kujuana, hula pamoja.

Siku moja ya mnada marafiki watatu waliingia katika mgahawa, nami nilikuwa nimeketi meza ya jirani. Mmoja alikuwa mzee wa Kimasai wa upande wa Endulen. Wa pili alikuwa Mwislamu, muuza vitunguu, naye ndiye aliyewakaribisha wenzake. Wa tatu alikuwa mkulima wa Rhotia, Mkristo kama mimi na wewe.

Kabla ya kuagiza, Mwislamu aliuliza, "Mama, mbuzi huyu kachinjwa na nani?" Mama wa mgahawa akamjibu, naye akaridhika. Mmasai akasema, "Mimi nimekwisha kunywa maziwa leo asubuhi. Nyama hapana. Nipeni ugali na maharage." Kwa desturi ya Wamasai, maziwa na nyama havichanganywi siku moja. Hakuna aliyecheka wala aliyenuna. Kisha wakamgeukia mkulima, "Na wewe, ndugu yetu?" Akajibu, "Mimi nakula chochote tu."

Hapo ndipo lilipoanza jambo. Mtu huyu alikuwa na ugonjwa wa kisukari, na asubuhi ile alikuwa amejidunga sindano ya insulini kama alivyoagizwa na daktari. Dawa hiyo hushusha sukari iliyomo katika damu, kwa hiyo anayeitumia hana budi kula kwa wakati wake. Lakini nyama ya kuchoma haina haraka. Saa saba ikapita, saa nane nayo ikapita. Ugali na maharage vilikuwa tayari jikoni, lakini kwa adabu wote walingoja nyama ili waanze pamoja. Mkulima aliona njaa, ila aliona haya kusema.

Mara akaanza kutoka jasho. Mikono ikatetemeka, maneno yakamchanganyikia. Watu wa meza nyingine wakacheka, "Mzee amelewa!" Kumbe hakuonja hata tone. Mama wa mgahawa alimtazama vizuri, maana mama yake mzazi alikuwa na ugonjwa huo huo. Akawauliza rafiki zake; hawakujua neno. Akamwinamia mwenyewe, "Baba, una sukari?" Mzee akaitika kwa kichwa. Upesi akamnywesha soda kidogo kidogo, kisha akamletea ugali. Baada ya muda mzee akarudiwa na akili zake.

Ndipo yule Mmasai akamwambia, "Mimi nimekuambia habari ya maziwa yangu. Mbona wewe ulinificha yako?" Mkulima aliinamisha kichwa, hakujibu.

Labda utauliza: mwenye kisukari hukatazwa vitu vitamu, imekuwaje soda imponye? Sababu ni hii. Sukari ikizidi katika damu kwa muda mrefu, hudhuru macho, figo na miguu pole pole. Lakini ikishuka mno kwa ajili ya dawa na njaa, yaweza kumwua mtu siku ile ile. Akiwa bado ana fahamu na aweza kumeza, apewe kitu cha sukari upesi, kisha chakula. Akiwa amezimia, usimmiminie kitu chochote kinywani, maana kitampalia. Mlaze ubavu, umpeleke hospitali bila kukawia.

Sasa, msomaji, tufikiri pamoja. Katika nchi hii kila meza ina miiko yake. Wahadzabe wa bonde la Eyasi wana nyama iitwayo epeme, ambayo huliwa na wanaume waliokwisha kukubaliwa tu. Sisi Wakatoliki, kwa sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu hatuli nyama tangu miaka 14, na twafunga tangu miaka 18 mpaka tutimize 59. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 5 Machi, siku za mwanzo za Ramadhani, hata Mkristo na Mwislamu wakafunga siku moja. Miiko hiyo twaitaja kwa sauti, na jirani huiheshimu. Lakini mwiko wa ugonjwa twauficha, kana kwamba ni deni la dukani.

Na tusidhani ya kuwa heshima hiyo ya mezani ni kitu kidogo. Mwaka 2013 kule Buseresere, katika mkoa wa Geita, ulizuka ugomvi juu ya nani achinje nyama, na mchungaji mmoja akauawa. Panapokosekana heshima, hata kitoweo chaweza kumwaga damu. Basi yule aliyemwuliza mama kwa upole, na mama aliyemjibu kwa upole, walifanya jambo kubwa kuliko walivyojua.

Tufanye nini basi?

Kwanza, wewe mgonjwa, sema kabla ya chakula kuagizwa. Neno moja latosha: "Mimi nina sukari, nahitaji kula saa saba." Mwenye shinikizo la damu aseme habari ya chumvi. Wala usingoje karamu kwa tumbo tupu. Chukua ndizi au kiazi mfukoni. Na Kwaresima ikifika, jua ya kuwa mgonjwa hafungwi na sheria ya kufunga. Uliza daktari, mwambie na padre wako.

Pili, wewe mwenyeji, acha kushurutisha. Tumezoea kusema, "Kunywa bwana, soda moja haidhuru," au, "Usipokula umenidharau." Soda moja ya kawaida yaweza kuwa na sukari ya vijiko 8 vya chai. Je, ungemtilia rafiki yako vijiko 8 katika kikombe kimoja? Uliza, "Wewe huli nini?" kama unavyouliza habari za nyumbani. Harusini na kwenye ubatizo, chakula kikichelewa, wape kwanza wagonjwa, wazee na watoto. Hiyo si kuvunja adabu.

Tatu, ninyi rafiki, msicheke. Mtu akitetemeka na kusema ovyo, usikimbilie kusema ni pombe au pepo. Uliza kwanza kama ana sukari.

Mnada uliofuata niliwaona tena wale watatu. Mkulima aliwahi kusema, kabla hata ya kuketi, "Mama, mimi nianzie maharage, ugali kidogo, na mboga nyingi. Nyama wataikuta wenzangu." Wenzake wakamngoja amalize, wakipiga hadithi.

Wamasai wana mwiko mmoja ambao mimi naupenda kuliko yote. Moran hanywi maziwa peke yake. Hana budi kuwa na mwenzake wa rika. Mwenzako akiwa karibu nawe namna hiyo, msomaji, mwambie usichokula, ajue la kufanya siku utakaposhindwa kusema.