Mabaraza ya Mauti Yasiyokuwapo

Mwezi wa Agosti 2009, Wamarekani walipokuwa wakivutana juu ya muswada wa bima ya matibabu ulioungwa mkono na Rais Barack Obama, Sarah Palin, aliyekuwa gavana wa Alaska, aliandika kwamba wazazi wake, na mwanawe mchanga aliyezaliwa na ulemavu, wangelazimika kusimama mbele ya "baraza la mauti" la maofisa wa serikali, waamuliwe kama wanastahiki kutibiwa. Kabla mwezi haujaisha, kura ya maoni ya shirika la Pew ilikuta watu 86 katika kila 100 wamekwisha kuyasikia madai hayo, na miongoni mwa walioyasikia, 30 katika kila 100 wameyasadiki.

Kifungu chenyewe, cha 1233, kilitaka Medicare, ambayo ni bima ya serikali kwa wazee, imlipe daktari ujira wake pindi mgonjwa, kwa hiari yake, atakapo kukaa naye na kuzungumza habari za mwisho wa maisha: atibiwe vipi akiwa mahututi, atiwe mashine ya kupumulia au asitiwe, na ni nani atakayemsemea siku atakapopoteza kauli. Hapakuwa na baraza, wala hakimu, wala amri. PolitiFact, ambao kazi yao ni kuhakiki kauli za wanasiasa, wakayatangaza madai yale kuwa uwongo mkubwa wa mwaka.

Hata hivyo, walioamini hawastahili dharau, kwani aliyewahi kumuuguza mzazi anajua jinsi khofu ya kumpoteza inavyoitangulia akili. Huko South Carolina mzee mmoja alimtaka mbunge wake, Robert Inglis, serikali isiiguse Medicare yake. Naye mbunge alipomweleza kwa adabu kwamba Medicare ni ya serikali hiyo hiyo, mzee hakukubali.

Elimu nayo haikuwa kinga. Mwaka 2013 wataalamu Brendan Nyhan, Jason Reifler na Peter Ubel walichapisha utafiti ambamo watu walisomeshwa madai ya Palin, na baadhi yao wakaongezewa masahihisho. Wasiompenda Palin waliyapokea, na hata wafuasi wake wenye ujuzi haba wa siasa waliyapokea. Bali wale wafuasi waliozijua siasa barabara ndio waliozidi kuyashikilia madai, kwa kuwa mwenye maarifa mengi ana hoja nyingi za kuitetea dhana aipendayo. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba kugeuka kinyume namna hiyo ni nadra, lakini upendeleo wenyewe si nadra hata kidogo, na haukukaa upande mmoja: Obama aliahidi mara nyingi kwamba mwenye kuipenda bima yake atabaki nayo, na watu wengi walipoletewa barua za kufutiwa bima zao, PolitiFact waliitaja ahadi hiyo kuwa uwongo mkubwa wa mwaka 2013.

Kwa hiyo, msomaji, usikiapo habari ya tiba ikakupandisha hamaki, uliza kifungu kiko wapi, ukisome mwenyewe. Na uliza hivyo kwa bidii zaidi pale habari inapowaumbua usiowapenda. Gharama ya kutouliza waliilipa wazee. Kifungu cha malipo ya mazungumzo yale hakikuwamo katika sheria iliyotiwa saini tarehe 23 Machi 2010, na Medicare haikuanza kuwalipa madaktari kwa kazi hiyo, kama huduma ya kujitegemea, mpaka tarehe 1 Januari 2016.